Uji wa Wifi Yustina

Jumapili, 2 Machi

Muuguzi Shamimu wa kliniki ya sukari amenipa kazi kama mtoto wa shule. Niandike kila anachokula mume wangu Ignas, kipimo cha sukari kabla ya kula, na kipimo kingine baada ya saa mbili. Sawa, nitaandika. Lakini daftari nimelinunua mwenyewe, kwa hiyo nitaandika na mengine ambayo Shamimu hakuyaomba.

La kwanza ni hili. Mwezi wa kwanza, Ignas alipokatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, wifi yangu Yustina alisimama kwenye korido ya wodi, mbele ya wauguzi na wagonjwa na watu waliokuja kuona ndugu zao, akasema kwa sauti ya kanisani: "Huyu mwanamke anamla kaka yangu kidogo kidogo. Ameanza na kidole." Kuna mtu alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya nguo zake chafu, sikujibu kitu. Tangu hapo kila nikilala nalijibu lile neno, na jibu langu linazidi kurefuka.

Yustina nitamlipa. Nimeliandika ili nisije nikajifanya nimesahau.

Jumatatu, 3 Machi

Ugali wa dona, mchicha wa karanga, kunde. Kabla 7.2, baada 8.9. Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre amesema Kwaresima ni wakati wa kuacha kinyongo. Mimi nimeacha nyama.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kliniki Shamimu ametukalisha na kutufundisha. Amepanga mezani mabakuli: sembe, dona, mchele, ulezi, kunde, mbaazi, mbegu za maboga, ndizi mbivu na ndizi mbichi, chungwa, kipande cha tikiti. Nimeuza nafaka hapa Bigwa tangu Grace wetu ananyonya, na leo Grace ana watoto wake Dodoma. Miaka yote hiyo nilidhani nafaka zinatofautiana kwa bei na wadudu tu.

Kumbe zinatofautiana mwendo. Shamimu anasema kuna vyakula vinaingia kwenye damu mbio na vingine vinatembea, na wataalamu wamevipa namba kufuatana na kasi yake. Kunde na mbaazi na maharage vinatembea. Mbegu za maboga na karanga haziendi popote. Ndizi mbichi ya kuchemsha inatembea, ikiiva inakimbia. Kiazi kitamu cha kuchemsha ni afadhali kuliko cha kuchoma. Chungwa ulitafune, usilikamue. Hata wali wa kiporo, uliolala ukapoa, una mwendo wa polepole kuliko wa moto. Hapo wanawake tulicheka, maana waume zetu kiporo wanakiona ni dharau.

Mzee mmoja akauliza, "Na ulezi, sista? Si ndiyo dawa yenyewe?"

"Ulezi una madini mazuri, babu," Shamimu akamjibu. "Lakini ukiusaga laini ukaupika uji, umeshalifanyia tumbo kazi yake yote. Kinachobaki ni kukimbia. Na mkitia ndizi mbivu humo ndani mkasema hamjatia sukari, mnamdanganya nani? Wewe pima kabla, pima baada, halafu uje uniambie."

Nikamkumbuka mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Kila Jumamosi tangu kidole kikatwe, Yustina anashuka kutoka Kinole, kijijini kwao mlimani, na chupa ya chai ya lita mbili, ameifunga kwenye kanga na kuipakata kama mtoto mchanga. Ndani ni uji wa ulezi na ndizi mbivu za kuponda. Anaamini sukari mbaya ni ile ya dukani. Ya shambani kwao ni ya Mungu, haina neno.

"Shikamoo wifi," nikamwamkia, maana kwa umri ni dada yangu.

"Marahaba. Hajambo mgonjwa wangu?"

Mgonjwa wake! Akapita moja kwa moja hadi kwa Ignas, akammiminia vikombe vitatu, akakaa kumwangalia mpaka tone la mwisho. Kabla ya uji nilikuwa nimeshampima, 7.0. Yustina akaenda kununua chumvi na sabuni, nami baada ya saa mbili nikampima tena.

15.1.

Nilikaa kitako. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

"Ngapi?" Ignas akaniuliza, maana macho yake hayasomi tena namba ndogo za mashine.

Namba ya kweli ilikuwa ulimini. Ila asubuhi ile ile, akimimina uji, Yustina alikuwa ametutangazia kwamba Jumatatu ya Pasaka ukoo wao utakaa hapa hapa sebuleni kwangu, na mjomba wao Mzee Kasiani ataamua kama Ignas apandishwe Kinole akauguzwe na watu wake. Mimi ni mtu wa Songea, lakini miaka thelathini imenifundisha: kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mume wangu alikuwa wa Yustina kabla ya kuwa wangu. Mjomba akishasema, mke unafunga mizigo ya mumeo na kumsindikiza barabarani.

Nikimwambia leo, Ignas atamwambia dada yake, dada ataacha uji kimya kimya, na lile neno la wodini litabaki pale pale lilipo. Hapana. Alinitukana mbele za watu, na mbele za watu atajibiwa. Ukoo mzima utaiona hiyo namba kwa macho yao.

"Nane," nikamwambia.

"Unaona? Uji wa dada haunidhuru," akasema, akajilaza akitabasamu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Milima imefunikwa yote, hata minara ya simu haionekani.

Jumamosi, 15 Machi

7.4, kisha 14.8. Nimemwambia nane.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tangu alfajiri. Genge nimelifunga. Mtama wa kwenye magunia ya chini umeingia unyevu. Makande ya mbaazi, 8.1. Hii ni nane ya kweli.

Jumamosi, 22 Machi

Leo Yustina amefika na matope hadi mapajani. Pikipiki imegoma njiani, akashuka kwa miguu, akateleza kwenye kona moja mbaya. Badala ya kutanguliza mikono alilikumbatia chupa lake na kuangukia kiwiko. Ngozi imechubuka vibaya. Nikachemsha maji, nikamwosha. Mkono wake umekonda, sikuwahi kuutazama.

"Asante wifi," akasema. Halafu, labda kwa sababu ya maumivu, akaongea na mimi kama mtu. Akanieleza kwamba ule ulezi anauchagua punje kwa punje kwenye ungo, anauosha, anauanika juu ya jiko kwa sababu jua hakuna, na mashineni anausaga mara mbili.

"Mara mbili ya nini?"

"Uwe laini kabisa. Usimsumbue tumbo."

Nikainamisha kichwa kwenye beseni asinione uso. Mara mbili! Kadiri anavyompenda ndivyo anavyozidi kumuumiza, na hajui. Nilimwonea huruma. Naikiri huruma hiyo hapa, maana ni kweli ilikuwepo. Ikakaa hadi alipomaliza kufungwa bendeji, akanyanyuka, akapitisha kidole juu ya kabati langu akitafuta vumbi.

7.1, kisha 15.6. Nane.

Jumatano, 26 Machi

Kwenye unyayo wa Ignas, karibu na pale palipokatwa, kuna kidonda. Ni kidogo, kama punje ya hindi. Hakisikii. Nimekiosha kwa maji ya chumvi.

Ijumaa, 28 Machi

Kliniki. Nimempa Shamimu karatasi ya vipimo, akaisifu. Akauliza mbona Jumamosi ziko wazi. Nikamwambia Jumamosi nakuwa gengeni. Kidonda sikumwonyesha, nimeona kitafunga chenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

14.9. Nane.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kuungama. Padre akaniuliza kama nimewasamehe walionikosea. Nikamwambia wengi wao. Akanyamaza akingoja niendelee, nami nikanyamaza, na mvua ikapiga bati mpaka akachoka yeye.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nusura niseme. Ignas alikuwa anamtania dada yake kwamba akinenepa kwa uji huu atarudi kuposa tena, na Yustina akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ananyonya maneno ya kaka yake kama mtoto. Hana mume, hana mtoto, ana huyu. Nikawaza: Magreth, sema sasa, sema kwa upole, yaishe.

Ndipo Yustina akanigeukia. "Pasaka imekaribia, wifi. Uanze kukunja nguo zake."

15.3. Nilimwambia nane, tena safari hii bila kigugumizi.

Kidonda kimekuwa kama kifungo cha shati. Siku sita za wiki namlisha kunde, mbaazi, dona, mboga na machungwa ya kutafuna. Siku sita namjenga. Najiambia kwamba siku moja haiwezi kubomoa siku sita.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nimeuza kilo mbili tu za mbaazi.

Jumamosi, 12 Aprili

Kidonda kinanuka. Nimechoma ubani ili Yustina asisikie. Ignas alisikia baridi mchana kutwa, akajifunika mablanketi mawili. Nilitaka kumpeleka hospitali leo leo. Lakini wakimlaza, kikao hakitakuwepo. Ukoo utakaa wodini, kwenye korido ile ile, na Yustina atasema ameanza na kidole sasa anaingia mguuni. Nimeamua: Jumatatu ya Pasaka kikao, Jumanne asubuhi hospitali. Jamani, ni siku chache tu.

16.0. Nane.

Jumamosi, 19 Aprili

Yustina hakuja. Kumeporomoka udongo njiani, amepiga simu. Siku nzima nilikuwa na wasiwasi, nikadhani ni wa kidonda. Jioni, nikichambua mchele, nikagundua nilichokuwa nakiogopa: kwamba Jumatatu atakuja bila uji.

Jumatatu, 21 Aprili. Naandika nikiwa hospitali.

Walikuja saa tatu asubuhi. Mzee Kasiani na koti lake la kanisani na kandambili, mama wadogo wawili wa ukoo, binamu Benedikto aliyewabeba kwa gari la mazao, na Yustina na chupa lake. Waliketi. Nikawaandalia chai na viazi vya kuchemsha. Mzee Kasiani alikuwa amekuja na fenesi, akalipasua mwenyewe, akawa anakula huku anasikiliza, utomvu umemshika hadi kwenye masharubu.

Yustina akasema yake. Kwamba kaka anadhoofika, kwamba chakula cha nyumba hii hakijulikani, kwamba kitu pekee kinachomshikilia ni uji anaouleta yeye kwa miguu yake. Hakusema uongo hata mmoja, alisema anachokiamini.

"Na wewe mkwe?" Mzee Kasiani akaniuliza.

Nilijipanga kwa majuma mengi. Sikupandisha sauti. Nikaleta mashine ya kupima sukari mezani, nikawaeleza inavyofanya kazi, nikampima Ignas mbele yao: 9.4. Nikamwomba Benedikto aisome kwa sauti, naye akaisoma. "Sasa wifi, mpe kaka yako uji, kama siku zote."

Yustina akamimina kwa fahari. Vikombe vitatu. Tukangoja saa mbili. Mazungumzo yalikuwa ya mvua na bei ya ndizi. Ignas alikuwa anatoka jasho, nami nikawa namfuta. Muda ulipotimia nikamtoboa kidole tena, nikampa Benedikto mashine.

"Kumi na nane," akasema. "Nukta mbili."

Nikawaeleza maana yake. Nikaeleza ulezi uliosagwa mara mbili, ndizi mbivu, mwendo wa sukari kwenye damu. Niliwaeleza vizuri, nadhani hata Shamimu angenisifu. Mama mdogo mmoja akaweka mkono mdomoni. Mzee Kasiani akaacha kutafuna. Na Yustina akalitazama chupa lake kama limemng'ata.

Hicho ndicho nilichokitaka. Kilikuwa kitamu, sitadanganya. Kilikuwa kitamu mno nikashindwa kunyamaza.

"Nani anayemla kaka yako, wifi?" nikamwuliza. "Nani? Si leo tu! Kila Jumamosi ni hivi! Kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita, tangu mwezi wa tatu!"

Nilidhani nimeshinda.

"Mama Grace," Ignas akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliniambia nane."

Nimejibu watu kitandani miezi yote hiyo, jibu la hilo sikuwa nimeliandaa.

"Kila Jumamosi nilikuuliza. Uliniambia nane."

Yustina akainuka, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akamvua soksi. Wakakiona. Harufu ilijaa sebule. Hakunitukana. Alimwita Benedikto alete gari mlangoni, basi.

Jumatano, 23 Aprili

Wamekata vidole vyote vilivyobaki na kipande cha unyayo. Nilimwuliza daktari kama ni uji. Akasema hawezi kusema ni uji, mguu wa mgonjwa wa sukari una mambo mengi. "Ila kidonda hiki kimekaa muda mrefu, mama. Kwa nini hamkukileta mapema?"

Yustina alikuwa amesimama pale pale koridoni, mahali pake pa mwezi wa kwanza. Watu walikuwa wengi. Nilimngoja aseme. Alininyima hata hilo.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Ignas anakula nikimlisha, anashukuru, anageukia ukutani.

Jumanne, 6 Mei

Ameruhusiwa. Mzee Kasiani alikuja na akasema mbele yetu wote kwamba ukoo hautaamua, mwenyewe aamue. Mimi nilikuwa nimeshafua mashuka, nimechemsha kunde, nimepika ndizi mbichi.

"Nitapanda na dada," Ignas akasema.

Nikamwambia, Baba Grace, dada yako ndiye aliyekunywesha ule uji.

"Ndiyo," akasema. "Lakini yeye alikuwa hajui."

Nilikunja nguo zake mwenyewe. Mashine ya kupima nayo nikaitia kwenye begi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kliniki peke yangu, kwa mazoea. Shamimu ameniambia wifi yangu alipita jana, akakaa naye asubuhi nzima akiuliza kila punje. Ameondoka na mbaazi na mbegu za maboga. Aliniulizia? Hapana.

Jumamosi, 10 Mei

Saa tano simu imelia ujumbe. Ni Yustina. Hakuna salamu, hakuna "wifi". Ni namba: 7.6.

Jumamosi, 17 Mei

7.1. Simu ya Ignas naipigia, inaita hadi inakata.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imepungua, nimepanda Kinole. Yustina alinipokea kwa adabu zote, akanitandikia mkeka, akaniletea makande ya mbaazi na parachichi. Uwanjani kwake ulezi umeisha, ameanika kunde. Ignas amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, amenawiri. Aliniuliza habari za genge kama mtu anayeulizia mvua za huko nilikotoka.

Muda wa kipimo ulipofika walikwenda ndani wawili, wakafunga mlango. Nilisikia mashine ikilia. Yustina akatoka, akanitazama machoni.

"Ngapi?" nikamwuliza.

"Iko sawa, wifi. Wewe kula."

Jumamosi, 31 Mei

6.8. Mimi sikuwahi kuifikisha hapo. Anajua kwamba sikuwahi.

Jumanne, 3 Juni

Ubaridi umeanza. Milima inaonekana yote, hadi mstari wa barabara ya kwao.

Jumamosi, 7 Juni

Sikufungua genge. Nimekaa na simu mapajani tangu asubuhi. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Saa saba kasoro ikalia. Safari hii hakuandika kwa tarakimu wala nukta. Ameandika neno moja.

"Nane."

Nimepiga kwake, hapokei. Nimepiga kwa Ignas, hapokei. Nimelisoma tena na tena, na sina namna ya kujua ni nane ya mashine au ni ile nane yangu.